UZI: Aprili 1942, je, Wajapani wangefika Kilindini?

#1 MwanaWaKibokoni

Asalaam aleikum wanajukwaa, na wengine hamjambo.

Jana alasiri nilikuwa nje ya Fort Jesus nangoja mtu. Mwenyewe hakuja kwa wakati, nami nikaishia kuikodolea macho ile mizinga miwili, mmoja wa manowari ya Kijerumani Königsberg, mwingine wa Pegasus ya Waingereza. Kijana muuza madafu akaniuliza, "Ami, hivi vita vyao vilifika hapa?" Nikamjibu la, vilipiganwa mbali. Usiku usingizi ukakataa, kwa sababu nilijua nimemjibu ovyo.

Sisemi habari ya mizinga ile, hiyo ni ya 1914. Nasema Aprili 1942. Singapore imeanguka Februari 15. Rangoon imeanguka Machi 8. Wajapani wanaingia Bahari ya Hindi na manowari tano za kubeba ndege chini ya amiri wao Nagumo, yuleyule aliyepiga Pearl Harbor. Mwingereza ana amiri wake Somerville, na Somerville ana manowari tano kuukuu za vita vya kwanza (Warspite ilikuwa imefanyiwa ukarabati, zile nne nyingine ni vikongwe) na manowari tatu za kubeba ndege zenye ndege zisizofika hata 100. Nagumo ana kama 300.

Aprili 5, Jumapili ya Pasaka, Colombo kule Ceylon (Sri Lanka ya leo) ikapigwa. Siku hiyohiyo manowari za Kiingereza Cornwall na Dorsetshire zikazamishwa, watu zaidi ya 400 wakafa. Aprili 9 ikawa zamu ya Trincomalee, na Hermes, manowari ya kubeba ndege, ikaenda chini. Somerville mwenyewe aliponea kwa sababu alikuwa amekwenda kujaza mafuta Addu, kisiwa cha Maldivi ambacho Wajapani hawakujua kuwa ni kituo chake. Alipotoka huko akawa anamvizia Nagumo usiku, lakini hawakukutana. Baada ya hapo zile manowari kongwe zikaambiwa zirudi nyuma. Nyuma wapi? Kilindini, bandari ya Mombasa. Hapa petu.

Basi swali langu ndilo hili. Ndege ya upelelezi ya Nagumo ingepinda tu kusini-magharibi mchana ule wa Aprili 5 ikaliona kundi la Somerville, nini kingefuata? Mimi nasema Mwingereza angepoteza meli zake zote baharini mwetu kwa siku mbili, na Mombasa ingebaki mlango wazi. Na si Mombasa peke yake. Bahari ya Kati ilikuwa imefungwa, kwa hiyo kila risasi, kila kifaru cha jeshi la Misri kilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kikapanda huku kwetu hadi Suez. Wale wa mafuta ya Abadan, Uajemi, nao njia yao ni hiihii. Kateni hapo muone Rommel, jenerali wa Kijerumani anayeiwania Misri, atafika wapi.

Karibuni. Matusi yabaki nyumbani.

#2 FundiWaMajahazi

Yakhe, hesabu ya mafuta umeifanya?

#3 BintiKisauni

Wangefika wangekwama kivuko cha Likoni kama sisi sote 😂 Vita vingeisha foleni haijasogea.

#4 ChangamweKwetu

Labda wangefika tungepata uhuru mapema. Nasema tu.

#5 Mwalimu_Tudor

MwanaWaKibokoni, umeandika vizuri lakini umeruka jambo lililo chini ya pua zetu. Hivi mwajua Somerville alijuaje kwamba Nagumo anakuja? Kulikuwa na kikosi cha kufumbua siri za redio za Wajapani. Kilitoka Singapore kabla haijaanguka, kikaenda Colombo, na baada ya shambulio la Pasaka kikahamishiwa Mombasa. Kikawekwa wapi? Allidina Visram. Ndiyo, skuli ileile ambayo nusu ya wanajukwaa hili wamesoma au wana ndugu aliyesoma. Waingereza wakaiita HMS Alidina, kana kwamba ni meli.

Nilifundisha miaka mingi mjini hapa na kila nikiwaambia wanafunzi jambo hili walidhani ni porojo za mwalimu anayetaka kumaliza kipindi.

Sasa, kazi yao hapa haikuwa nyepesi. Mawimbi ya redio za Wajapani yalifika Mombasa hafifu mno, mengine yakipotea kabisa. Lakini mwaka huohuo wa 1942 walifumbua msimbo wa meli za mizigo za Kijapani, ule uitwao JN-40, kwa sababu mtuma ujumbe mmoja wa Kijapani alifanya uzembe wa kurudia ujumbe uleule kwa ufunguo uleule. Wakawa wanajua meli gani inatoka bandari gani na inakwenda wapi. Meli za mizigo na za mafuta za Mjapani zikaanza kuviziwa njiani.

Kwa hiyo mimi swali lako nageuza. Usiulize ndege ya Nagumo ingeona nini. Uliza Wajapani wangejua nini kuhusu Addu, na kama wangelijua kundi la Somerville kwa namna Somerville alivyolijua lao. Upande mmoja ulikuwa unasoma barua za mwenzake, mwingine haukujua kama barua zake zasomwa.

#6 MwanaWaKibokoni

Shikamoo mwalimu. Nimesoma pale miaka minne, nimechapwa pale, na hakuna aliyeniambia neno hili.

Lakini hoja yako yanisaidia mimi. Kama kundi la Somerville lingezama Aprili 5, wale wafumbuzi wangefika Mombasa kufumbua nini, na kwa faida ya nani? Kujua adui anakuja bila kuwa na manowari ni sawa na kujua mvua itanyesha wakati nyumba haina paa.

#7 FundiWaMajahazi

Niliuliza swali fupi nikaachwa mkono. Basi niwaandikie mwenyewe.

Colombo mpaka Kilindini ni zaidi ya kilomita 4,500 za maji matupu. Manowari za Nagumo zilikuwa baharini tangu mwishoni mwa Novemba 1941, zikapiga Hawaii, zikapiga Rabaul, zikapiga Darwin, zikapiga Java, ndipo zikaja Ceylon. Injini zimechoka, marubani wamechoka, ndege zimepungua. Kaga, manowari yao ya sita ya kubeba ndege, ilikuwa tayari imerudishwa kwao kutengenezwa. Kila manowari ile inakunywa mafuta kama ngamia, na meli za kubeba mafuta Wajapani walikuwa nazo chache. Wangefika Mombasa, haya, wangerudi na nini?

Tena bahari yenyewe. Nyinyi wa mjini mwaijua kwa kuitazama kutoka Mama Ngina na chipsi mkononi. Mwisho wa Aprili kaskazi imekwisha, kusi linaingia. Juni na Julai kusi likishika, sisi tulikuwa twavuta majahazi nchi kavu, twayatia shahamu, twangoja. Meli ya chuma haiogopi kusi, sawa, lakini kujaza mafuta meli kwa meli katikati ya mawimbi yale si mchezo, na ndege kuruka na kutua juu ya sitaha inayopanda na kushuka ni balaa jingine.

La tatu, na hili ndilo kubwa. Jeshi la majini la Kijapani lenyewe lilitaka kuiteka Ceylon. Wenzao wa jeshi la nchi kavu wakakataa kutoa vikosi. Askari wao walikuwa China, na jicho jingine kwa Mrusi. Kwa hiyo wasingeteka hata Ceylon, itakuwa Mombasa? Aprili 18 Wamarekani wakaidondoshea Tokyo mabomu, na hapo fikira zote zikageukia kisiwa cha Midway. Juni 4 manowari zao za kubeba ndege Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu zikapigwa huko, zote nne zikazama.

Mombasa ilikuwa nje ya ramani yao. Tusijipe umuhimu.

#8 BintiKisauni

Mzee kaandika mpaka kusi na kaskazi 🙌 Hapo kwenye chipsi umetupiga jiwe.

#9 MwanaWaKibokoni

FundiWaMajahazi, kaka mkubwa, nakubali mengi. Sikusema wangeshuka Likoni wakapanga safu. Kuteka bandari ni kazi, kuifanya bandari isitumike ni kazi ndogo sana. Na hapo ndipo nawaletea Bukini.

Bukini (Madagaska kwa vijana) ilikuwa chini ya Wafaransa wa serikali ya Vichy, ile iliyosalimu amri kwa Ujerumani. Sasa kumbukeni Wafaransa haohao wa Vichy walifanya nini Indochina mwaka 1940 na 1941: waliwaachia Wajapani viwanja vya ndege na bandari, na kutoka huko ndiko Malaya na Singapore zilikopigwa. Churchill na wenzake waliogopa mchezo uleule uchezwe Diego Suarez, bandari ya Bukini. Ndiyo maana Mei 5, 1942 wakaishambulia wao kwanza.

Na wale Wajapani walikuja kweli! Usiku wa Mei 30 nyambizi ndogo za watu wawili wawili ziliingia bandari ya Diego Suarez, zikaipiga Ramillies, na zikaizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Ramillies ni mojawapo ya wale vikongwe wanne niliowataja. Walichelewa siku 25 tu. Halafu Juni na Julai nyambizi zao kubwa zikakaa mlango wa Msumbiji zikazamisha meli zaidi ya 20, bila bandari yoyote ya kupumzikia karibu, zikitegemea meli mbili tu za kuwaletea mahitaji.

Sasa wape bandari. Wape Diego Suarez, maji baridi, mafuta, karakana, na gavana Mfaransa anayewapigia saluti. Kutoka pale hadi Kilindini ni kama kilomita 1,400. Hapo Tokyo haihitaji kutoa vikosi viwili vya nchi kavu wala manowari za Nagumo. Nyambizi kumi zatosha. Tobruk imeanguka Juni 21, Rommel yuko El Alamein, hatua chache kutoka Alexandria, na vile vifaru 300 vya Sherman walivyoletewa Waingereza Septemba vilipita njia gani? Vilizunguka Rasi, vikapita bahari yetu, vikashuka Suez. Zamisha robo yake tu, halafu niambie Oktoba 23 Montgomery, jenerali wa Waingereza, anaanza vita na nini.

Hesabu yako ya mafuta hapo haina meno, mzee wangu.

#10 FundiWaMajahazi

Hapo umenibana kidogo. Nitakujibu nikitoka msikitini.

#11 MdigoWaMsambweni

Nyote mwahangaika na Mjapani aliyekuwa maelfu ya kilomita, na Mjerumani alifika Gazi. Gazi! Mtu atoke Likoni asubuhi na matatu afike kabla chai haijapoa.

Septemba 1914 Wajerumani walipanda kutoka upande wa Tanga, wakapita Vanga, wakaja pwani pwani kuelekea Mombasa. Waliowazuia ni askari wa keya (KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza) na kile kikosi cha Waarabu wa Mombasa kilichoandaliwa na Mwingereza aitwaye Wavell, ambaye baadaye aliuawa Mwele mwaka 1916. Oktoba wakarudishwa pale Gazi. Na Gazi si mahali hivi hivi. Ndiko alikotawala Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza 1895 hadi akakimbilia kwa Wajerumani mwaka uliofuata. Wazee wa huko walikuwa na hesabu zao na Mwingereza, zisizohusu Kaiser wala King.

Tena Mombasa wakati ule ilikuwa na ulinzi wa kubahatisha. Lile jeshi kubwa kutoka India lililotia nanga hapa mwisho wa Oktoba lilikuwa halijafika. Na hata lilipofika likaenda Tanga, watu kama 8,000, likapigwa na Wajerumani na askari wao wasiozidi 1,000 na ushei, likakimbia na kuacha bunduki na risasi ufuoni. Nyuki wa Tanga nao wakachangia, hiyo kila mtu aijua.

Kwa hiyo "ingekuwaje" ya kweli ya Mombasa ni hii. Lau Königsberg ingekuwa na makaa ya kutosha isijifiche Rufiji, ikaja kusimama mbele ya mlango wa Kilindini wiki ileile Wajerumani wako Gazi. Reli ya Uganda inaanzia hapa. Ukiishika Mombasa, Nairobi yote yakufa njaa.

#12 Mwalimu_Tudor

MdigoWaMsambweni, hiyo yastahili uzi wake na nakuomba uufungue, nitakuja. Neno moja tu: hata Mjerumani angeingia, asingekaa. Waingereza walikuwa na bahari. Angeshikilia Mombasa wiki mbili tatu, kisha manowari zingekuja kutoka Bombay na Cape zikamtoa, na mji ungevunjwavunjwa katikati. Ambacho kingebadilika ni wapagazi. Vita vingerefuka zaidi na wapagazi wangechukuliwa wengi zaidi, na tayari waliokufa ni makumi ya maelfu. Pale Mwembe Tayari sanamu ya askari mnaiona kila siku. Wapagazi walikufa wengi kuliko askari.

#13 ChangamweKwetu

Bado hamjanijibu. Indonesia ilitangaza uhuru Agosti 17, 1945, siku mbili baada ya Mjapani kusalimu amri. Mholanzi alishaonekana kuwa ni mtu wa kupigwa na akakimbia, watu wakapoteza woga. Sisi tulingoja hadi 1963. Kwa nini isiwe sisi?

#14 KuliWaZamani

Kijana, swali lako si la kipuuzi kama wengine hapa wanavyolichukulia. Lakini mimi nimefanya kazi bandarini miaka 31 na nitakujibu kwa upande wa kazi.

Wajapani walipojenga reli ya kutoka Siam (Thailand ya leo) kwenda Burma, walikusanya vibarua wa Kimalaya, Kijava, Kitamil na Waburma wenyewe. Watu wa Asia, wale walioambiwa Asia ni ya Waasia. Wakafa makumi ya maelfu kwa njaa na kipindupindu. Wafungwa wa kizungu waliokufa pale zaidi ya 12,000 ndio wanaozungumzwa, vibarua hao hawakuhesabiwa hata vizuri. Wewe wafikiri kuli wa Mbaraki angepewa mkataba bora?

Halafu tusisahau, woga wa Mwingereza haukungoja Mjapani auondoe. Makuli wa Mombasa waligoma 1939, kabla hata vita havijaanza. Januari 1947 mji mzima ukasimama siku 12: bandari, reli, mahoteli, watumishi wa majumbani. Hakuna aliyetuletea kwa meli.

Mimi "ingekuwaje" yangu ni moja. Lau makuli wangegoma Mei 1942, wiki zile manowari zote zimejazana Kilindini zikingoja makaa na maji na mafuta. Somerville angefanyaje? Askari wangeshusha mizigo wenyewe? Hilo ndilo lililokuwa laogopesha serikali, si nyambizi.

#15 FundiWaMajahazi

Nimerudi. MwanaWaKibokoni, Bukini nakupa. Diego Suarez ikiwa ya Mjapani mwezi Aprili, hesabu yangu yabadilika na nakiri. Lakini nakuuliza nawe: nani angewaambia Wafaransa wa Bukini wafungue mlango? Wale hawakuwapenda Waingereza, kweli, walipigana nao hadi Novemba 1942. Lakini hawakuwa na haja ya Mjapani vilevile. Indochina Mjapani alikuwa amesimama mpakani na jeshi zima. Bukini angesimama na nini? Nyambizi kumi hazimtishi gavana.

#16 MwanaWaKibokoni

Berlin ingemtisha Vichy, Vichy imtumie gavana barua. Lakini nakubali kwamba hapo nimeanza kushona kwa uzi mrefu.

#17 BintiKisauni

Nimeacha mzaha, sasa nataka kusema kitu. Baada ya kusoma huku jana nilimpigia bibi, yuko Kisauni, ana miaka tisini na kitu, akili timamu kuliko yangu. Nikamuuliza Wajapani. Akasema hakuwaona ila anawakumbuka kwa wali.

Nikamwambia bibi, wali? Akasema mchele uliokuwa ukiliwa wakati ule mwingi ulitoka Burma, kwa meli. Mjapani alipoingia Rangoon mchele ukakatika. Kwa hiyo wakawa wanakula muhogo na sima ya mahindi, na hata harusi ya shangazi yake ilifanywa kwa muhogo wa nazi, jambo ambalo ukoo uliliona ni aibu na mpaka leo lasemwa. Kisha mwaka uliofuata mvua ikakosa bara na mahindi nayo yakawa ya foleni.

Mwalimu na mafundi, mwasema Mjapani hakufika Mombasa. Bibi asema alifika, akaingia jikoni.

#18 Mwalimu_Tudor

Binti, mpe bibi yako shikamoo yangu. Zanzibar ndiko kulikoumia zaidi na mchele huo, walikuwa wauza karafuu, wali wao mwingi ulitoka ng'ambo.

Na kwa kuwa wengine hapa juu wanaandika kana kwamba Mjapani hakutugusa, niongeze moja ambayo si ya kubuni. Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Ndani ya meli iitwayo Khedive Ismail kulikuwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki kikielekea Burma, na wauguzi, na mabaharia. Februari 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga. Ilizama kwa dakika chache mno. Walikufa karibu watu 1,300. Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wakiogelea, na manowari za Kiingereza zikairushia mabomu ya majini palepale walipokuwa.

Lau msafara ule ungepewa ulinzi mkubwa zaidi. Lau ungetoka siku moja baadaye. Hizi "lau" hazihitaji kuwaza Tokyo wala Vichy.

#19 ChangamweKwetu

Sikulijua hili kabisa.

#20 MdigoWaMsambweni

Wala mimi. Innalillahi.

#21 FundiWaMajahazi

Mwalimu, majina yao yapo mahali?

#22 Mwalimu_Tudor

Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, kuna ukumbusho wa Afrika Mashariki wa wale wasio na kaburi. Waliozama na meli ile wameandikwa pale.

#23 BintiKisauni

Nimemsomea bibi ujumbe wa mwalimu. Amenyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akaniambia babu yake mdogo, ndugu wa babu yake mzaa mama, aliingia keya akawekwa kwenye mizinga. Alikuja kuaga usiku, akala, akasema kesho wapanda meli. Barua haikuja. Nyumbani wakasema amepotelea Burma, na mpaka leo sie sote twasema amepotelea Burma.

Mwalimu, kule Nairobi wameandika kwa jina la ukoo au jina la kwanza? Bibi asema jeshini hakuwa akitumia jina la nyumbani. Anajaribu kulikumbuka.

#24 Mwalimu_Tudor

Mwambie asijisumbue usiku huu. Likimjia, uniandikie pembeni pamoja na namba ya jeshi kama kuna karatasi yoyote sandukuni. Wiki ijayo nina safari ya Nairobi, nitapita pale.